Kalenda ya marikiti: lini ununue nini, na kwa nini bei hupanda

Mwezi wa Oktoba 2023 nilipikia harusi moja hapa Mombasa, wageni mia tatu, biriani ya nyama. Bei nilikuwa nimekubaliana na wenye shughuli tangu Julai, na vitunguu nilivipigia hesabu kwa shilingi 90 kilo. Siku tatu kabla ya harusi nikaenda Kongowea na hamali wangu, nikaambiwa 220. Nilidhani muuzaji anafanya mzaha. Nikazunguka mabanda manne, matano, bei ni ile ile, na mmoja akaniambia 230 bila hata kuniangalia. Biriani haifanyiki kwa vitunguu vichache. Ukivipunguza, wageni watajua kwa tonge la kwanza. Nilihitaji kilo 50. Shilingi 6,500 zilitoka mfukoni mwangu pale pale, na hizo ndizo zilizokuwa ujira wangu wa siku mbili za kusimama motoni.

Tangu siku ile nina daftari. Kila niendapo sokoni naandika tarehe, kitu nilichonunua, kimetoka wapi, bei yake na hali yake. Mtu akinipigia simu mwezi wa nne kuniuliza bei ya shughuli ya mwezi wa kumi, nalifungua kwanza ndipo namjibu. Majirani na wapishi wenzangu wameniomba mara nyingi niwaeleze yaliyomo, na hapa nayaweka. Bei nitakazozitaja ni zile nilizolipa mimi, si za serikali wala za kampuni, na zitabadilika. Kisichobadilika sana ni mpangilio wake: lini kitu hushuka, lini hupanda, na sababu ni nini.

Kalenda mbili, na ya tatu ni yetu wenyewe

Wengi wetu hapa pwani hudhani kwamba mvua ya hapa ndiyo inayopanga bei ya soko letu lote. Kwa maembe, machungwa, mchicha, bamia, muhogo na kunde, ni kweli. Lakini hebu tazama kikapu chako ukirudi nyumbani. Viazi vimetoka Nyandarua, Molo au Meru. Kabichi na karoti zimetoka bara, au zimeshuka kutoka vilima vya Taita. Ndizi nyingi tunazokula Mombasa zatoka Taveta. Tungule (nyanya kwa wale wa bara) zatoka Loitokitok, Kimana, Taveta na Taita, na wakati mwingine zavuka mpaka kutoka Tanzania. Vitunguu vingi navyo ni vya Tanzania. Ikinyesha Kilifi wiki nzima, bei ya kiazi haijali.

Kwa hivyo ziko kalenda mbili. Ya kwanza ni yetu ya pepo na mvua, ile waliyoifuata wazee: kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi, jua kali na ukavu, mvua ya mwaka kuanzia Aprili mpaka Juni, na Mei ndio mwezi wake mkubwa, kusi inayoendelea mpaka Septemba na ubaridi wake, kisha mvua ya vuli, Oktoba mpaka Desemba. Ya pili ni ya mashamba ya bara, yenye mavuno yake mawili. Ya tatu hatuiiti kalenda lakini wachuuzi wanaijua kuliko sisi: Ramadhani, Idi, harusi za likizo ya Agosti na Desemba, na mahoteli yanapojaa wageni mwisho wa mwaka. Siku mbaya sokoni ni ile ambayo kalenda zote tatu zimegongana.

Na kuna saa pia. Malori huingia Kongowea usiku, bei ya jumla hupangwa alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi unanunua pamoja na wenye maduka na wachuuzi wa mitaani. Saa nne unanunua kutoka kwao. Jioni utapata rahisi kitu kilicholegea, na kwa mchuzi wa usiku ule ule hakuna ubaya wowote. Mimi tungule za mchuzi hununua jioni kwa makusudi.

Kaskazi: msimu wa maembe

Nianze na embe kwa sababu ndilo tunda letu, na ndilo linaloonyesha wazi zaidi jinsi bei inavyofanya kazi.

Maembe ya pwani huanza kuonekana kwa wingi Novemba. Yanatoka Kwale, Rabai, Malindi, Tana River na Lamu. Ngowe ndiyo inayojulikana kuliko zote: ndefu, ina kidomo mwishoni, ngozi ya manjano iliyopauka, nyuzi chache. Boribo ni kubwa na nyama yake yaelekea wekundu. Batawi ni nene na nzito. Dodo lina nyuzi, lakini kwa juisi na kwa achari mimi silibadilishi na lolote. Embe la apple, lile la mviringo lenye shavu jekundu, ndilo linalopendwa zaidi mjini siku hizi.

Novemba mwanzoni nimenunua Ngowe moja nzuri kwa shilingi 40, mara nyingine 50. Kufikia katikati ya Januari, Ngowe ya ukubwa ule ule nimeipata kwa 15, na ukinunua mengi, kwa 10. Sababu ya kushuka hivyo si maembe yetu peke yake. Desemba na Januari ndipo maembe ya Makueni, Machakos na Embu yanapoanza kuiva na kuingia sokoni, na yataendelea mpaka Machi. Mizigo miwili inakutana. Kwa mnunuzi ni neema. Kwa mwenye shamba wa pwani ni wakati ambao hata nauli ya lori inaweza kuzidi thamani ya mzigo, na ndiyo maana ukipita vijijini Januari unakuta maembe yamelala chini ya miti, yanaliwa na mbuzi.

Mjomba wangu wa Rabai ana miembe kadhaa. Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, miti ikiwa na vijiembe vya ukubwa wa kidole, alikuja dalali akamnunulia mti mzima kwa shilingi 1,500. Karo ya muhula wa tatu ilikuwa inamkaba, akakubali. Msimu ulipofika mti mmoja ulitoa maembe mia saba na zaidi. Piga hesabu: ni kama shilingi 2 kwa embe. Januari ile ile nililipa 15 Kongowea.

Sisemi tofauti yote ni dhuluma. Dalali hulipa wakwezi, magunia, lori na ushuru wa kaunti mzigo unapopita, na upepo ukiyaangusha maembe kabla ya wakati, hasara ni yake. Yako mengine huoza njiani. Lakini mtu anayeuza mti ukiwa na maua anauza akiwa hajui anachouza, na mnunuzi anajua. Mjomba sasa huuza kwa kuhesabu, embe likiwa limekomaa, hata kama ni kwa shilingi 5. Na mimi huchukua kwake moja kwa moja ya shughuli zangu za Desemba na Januari. Yeye anapata zaidi, mimi nalipa kidogo, na sote wawili tunalijua embe limechumwa lini.

Hilo la kujua limechumwa lini si dogo. Embe lililokomaa mtini lina mabega: sehemu ya juu kandokando ya kikonyo imejaa na kupanda kidogo kuliko kikonyo chenyewe. Lililochumwa changa mabega yake yameteremka. Hilo halitaiva vizuri hata ulivumbike mwezi mzima, litanyauka tu. Usilibonyeze embe la watu, linuse kikonyoni. Lililoiva lenyewe linanukia.

Wako wanaotumia kabaidi. Ni dawa ya wachomeleaji vyuma. Ikikutana na unyevu hutoa gesi inayogeuza ngozi ya tunda kuwa ya manjano upesi. Tatizo ni kwamba kabaidi ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya sumu kama aseniki na fosforasi, na mtu anayeishika kila siku ndiye anayeumia wa kwanza. Embe la kabaidi utalitambua hivi: manjano yake ni sawasawa kila upande kama limepakwa rangi, halinukii, na ukilikata nyama iliyo karibu na kokwa ni ngumu na chachu. Niliwahi kununua kreti mbili za hivyo kwa juisi ya arusi ya binti wa jirani. Sukari niliyotia siku ile sitaisahau, na juisi bado ilikuwa haina ladha.

Njia ya wazee haijaharibika. Chukua maembe yaliyokomaa, yapange kwenye katoni, tia ndizi mbivu mbili tatu katikati, funika kwa magazeti. Ndizi mbivu hutoa gesi yake ya asili inayoivisha wenzake. Siku ya tatu au ya nne fungua. Usilitie friji embe ambalo halijaiva. Baridi huliua, linabaki na madoa na ugumu. Likishaiva ndipo litie.

Kuhusu funza: kuna inzi wa matunda aliyeingia Kenya mwaka 2003, asili yake Asia, na ndiye aliyetuharibia jina. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu yake, na biashara hiyo haikurudi mpaka 2021. Inzi hutoboa embe likiwa bado mtini na kutaga ndani. Ukiangalia vizuri utaona kitundu kidogo kama cha sindano, pengine kimetoa utomvu. Mwenye miti asiache maembe yaliyoanguka yaozee chini, kwani ndiko funza wanakokulia. Ayafukie kwa kina. Na wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, maji moto, asiwafukuze kwa dawa. Wanauma, lakini inzi hawapendi kutaga palipo na harufu yao.

Matikiti maji nayo ni ya majira haya. Tafuta lenye doa la manjano upande uliolala chini. Doa likiwa jeupe, lilichumwa kabla ya wakati. Zambarau huja na kaskazi, haziwekeki, na kanzu nyeupe isikaribie.

Kisichopendeza katika kaskazi ni mboga za majani na ndimu. Mchicha unamwagiliwa maji ya kisima au ya kununua, fungu linapungua na bei inabaki ile ile, na huko ni kupanda bei kimyakimya. Uliza pia unamwagiliwa maji gani, kwa sababu ziko bustani kandokando ya mitaro ya mji ambazo hakuna anayezisema. Ndimu Februari na Machi huwa kavu na ghali. Nimewahi kulipa shilingi 10 kwa ndimu moja ambayo Juni ningepata tatu.

Mvua ya mwaka: mchicha rahisi, tungule ghali

Mvua ikishika, mambo hugeuka. Wiki tatu baada ya mvua ya kwanza mchicha umejaa, na pamoja nao mboga ambazo vijana wa mjini hawazijui tena: mnavu, mchunga, mtoriro, majani ya kunde, matembele. Hizi hazihitaji dawa wala lori. Akina mama wa Kilifi na Kwale huzileta asubuhi kwa matatu, fungu ni shilingi 10 au 20. Mchunga una uchungu, wenye kuujua huuchemsha na kumwaga maji ya kwanza kisha kuupika kwa tui. Kama unataka kula vizuri kwa pesa kidogo, Mei na Juni ndio wakati.

Tungule ni kinyume chake. Mvua nyingi huleta ugonjwa wa ukungu mashambani, maua huanguka, na barabara za kutoka shambani hadi lami zinakuwa matope. Zinazofika zimejaa maji: zinang'aa, lakini siku ya pili zimelowa. Kreti ya mbao ni kubwa, hubeba kilo sitini na kitu, na ya chini daima imepondwa na ya juu. Ukinunua kreti, mwambie akumiminie yote mbele yako. Akikataa, umeshajua kuna nini chini. Katika miezi hii mimi hupunguza tungule mbichi kwenye mchuzi, natia ukwaju na nyanya ya kopo, na sijasikia mgeni akilalamika. Kachumbari naifanya ya embe bichi, kwani Mei mpaka Julai pwani yetu hupata msimu mdogo wa pili wa maembe ambao Makueni hawana. Ni machache na bei yake si ya Januari, lakini yapo.

Vitunguu vya miezi ya mvua ni vya kuangaliwa. Shingo ya kitunguu ikiwa laini na mbichi, hakikukaushwa, kitaota au kuoza ndani ya wiki mbili. Kilichokauka shingo yake imebana na maganda yanapiga kelele ukikitikisa. Hicho ukikitandaza penye upepo, mbali na viazi, hukaa miezi miwili au zaidi. Na kuhusu bei yake, nimekubali kwamba kitunguu hakifuati kalenda ninayoweza kuiandika. Sehemu kubwa ya vile tunavyokula hutoka nje ya mpaka; mzigo ukipungua huko, au mpaka ukipata shida, hapa tunalia kabla hata ya kuvimenya. Nilichobadilisha ni mapatano yangu. Sasa ninapotoa bei ya shughuli, vitunguu na nyama naviandika pembeni: vitalipwa kwa bei ya sokoni ya wiki ile. Wateja wawili walinikasirikia. Waliobaki walielewa.

Kusi: miezi ya kupumua

Julai, Agosti na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda. Bara wamevuna viazi vya mvua ndefu, na Agosti bei ya gunia huwa katika hali yake nzuri. Nunua kwa mizani. Sheria ya viazi ya mwaka 2019 inasema gunia lisizidi kilo 50, lakini bado utaona yale yaliyofungwa kilemba juu, na mkulima ndiye anayepunjwa kwa kilemba hicho kwani analipwa gunia moja tu. Kiazi kilichogeuka kijani ngozi kimekaa juani au penye taa. Sehemu hiyo ina sumu, ikate yote au ukirudishe.

Huku kwetu kuna mahindi mabichi ya kuchoma, kunde mbichi, na baadaye mbaazi mbichi ambazo kwa tui na mahamri hazihitaji maelezo. Bamia na biringani ni nyingi. Bamia ivunje ncha: ikikatika kwa mlio ni changa, ikipinda ni ya kamba.

Na ni msimu wa machungwa. Ya Shimba Hills na Kaloleni huanza kujaa kuanzia Juni, na pamoja nayo huja ya Muheza kupitia mpaka wa Lunga Lunga. Watu hushindana ni lipi tamu zaidi. Mimi nasema hutegemea mti. Lakini kuna jambo moja ambalo huwaponza wageni na hata watoto wetu waliozoea machungwa ya supamaketi. Chungwa la pwani huiva likiwa kijani. Ngozi ya chungwa hugeuka rangi kwa sababu ya baridi ya usiku, na usiku wetu si wa baridi. Kwa hivyo usitafute rangi, tafuta uzito. Chungwa zito kwa ukubwa wake, lenye ngozi laini na nyembamba, lina maji. Jepesi lenye ngozi ya mabonde litakupa maganda. Kusi ni wakati wa ndimu pia. Mimi hukamua Juni na Julai, nagandisha maji yake katika vibakuli vya barafu, na Februari sina haja ya kumbembeleza mtu.

Mwisho wa kusi, Septemba na Oktoba, ndio wakati mtupu wa matunda yetu. Embe ni la mbali na ghali, chungwa linakwisha. Kula papai na ndizi, ambazo hazina msimu mkali, na usinunue embe la Septemba kwa hamu tu. Nimejaribu, ni pesa ya kutupa. Vuli ikianza, mchicha unarudi, tungule zinapanda tena kwa sababu zile zile za Mei, na viazi vya zamani vinakwisha kabla ya vipya vya Januari na Februari kufika. Harusi za Desemba ziko hapo katikati. Anayeoza mwezi huo atenge pesa ya viazi.

Ramadhani inavyotembea

Mwezi mtukufu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida, na kwa hivyo hutembea ndani ya misimu yote. Wenye kukumbuka Ramadhani za 2015 na 2016, zilizoanza Juni, watakumbuka kwamba juisi ya futari ilikuwa ya machungwa na ndimu hazikuwa tatizo. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na 2026 katikati ya Februari. Huo ni ukavu wa kaskazi: ndimu ghali, mchicha mdogo, tungule za kati kwa kati, maembe ya pwani yanaelekea kwisha na ya Makueni bado yapo. Viazi vya mavuno ya Januari vimeshaingia, basi katlesi na bajia za viazi hazitishi mfuko.

Miaka inayokuja itatupeleka ndani kabisa ya msimu wa embe. Mwaka 2028 itaanza karibu na mwisho wa Januari, 2029 katikati ya Januari, na 2030 tutafunga mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena kuanzia mwisho wa Desemba. Mahitaji ya matunda ya watu wa pwani yatapanda wakati ule ule ambao maembe yetu yanaoza chini ya miti. Kwa aliye na shamba hii ni habari njema kuliko nyingi alizozisikia, ikiwa hatakuwa ameshauza maua Septemba.

Kwa wenye nyumba, kinachopanda wiki ya kwanza ya Ramadhani si upungufu bali ni sisi wenyewe, sote kwenda sokoni Jumamosi ile moja ya mwisho wa Shaabani. Mimi hununua vitunguu, thomu, tangawizi na viazi siku kumi na tano kabla. Maembe nayamenya na kugandisha rojo yake mwezi mzima kabla, kwa mifuko ya vikombe viwili viwili. Kotmiri na pilipili mbichi tu ndizo nazinunua kila siku, kwa sababu hizo hazina akiba.

Fungu na mizani

Neno moja la mwisho kuhusu vipimo, kwani huko ndiko bei inakofichwa. Fungu la tungule la shilingi 20 lilikuwa na tano, likawa na nne, likawa na tatu, na bado linaitwa fungu la 20. Kwa mwenye pesa ya siku moja fungu ndilo analoweza, na simlaumu wala simlaumu muuzaji, ambaye naye kreti imempanda. Lakini hesabu yangu ya daftari inaonyesha kwamba anayenunua kwa mafungu kila siku hulipa kwa kilo karibu mara mbili ya anayenunua kwa mizani.

Pale mtaani kwetu tumekuwa nyumba sita. Kila Jumatano alfajiri mmoja wetu anakwenda na hamali, anachukua kreti moja ya tungule, nusu gunia la viazi na kilo 20 za vitunguu, tunagawana kwa mizani ya mwenye duka la pembeni. Zamu yangu ni wiki ijayo. Jumatano iliyopita kreti ilikuwa 4,800 na yule aliyekwenda hakuimimina. Tumetupa tungule za chini karibu sufuria nzima.